Jiwe Linalozaliwa Ndani ya Moshi

Chukua tani moja ya makaa ya mawe yenye salfa asilimia 1. Makaa yakishaungua, salfa ile haipotei. Inashikana na oksijeni na kutoka tanurini ikiwa kilo 20 za dioksidi ya salfa, gesi isiyo na rangi lakini yenye ukali unaobana koo na kutoa machozi. Kituo kikubwa cha kufua umeme huchoma maelfu ya tani kwa siku. Gesi hiyo ikiachiwa ipande dohani iende zake, hukutana na unyevu wa mawingu ikawa asidi, ikanyesha juu ya misitu, maziwa na mapaa ya watu. Au hubaki hewani katika chembe ndogo mno zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu.

Kilo hizo 20 hukamatika. Zinataka kilo 31 hivi za mawe ya chokaa yaliyosagwa, pamoja na maji na hewa, na kinachopatikana ni kilo 54 za jasi, madini yaleyale yanayochimbwa Makanya wilayani Same na kupelekwa viwanda vya saruji. Gesi imegeuka jiwe, tena jiwe lenye soko. Mlinganyo wake mwanafunzi wa sekondari anaweza kuusawazisha ubaoni kwa dakika chache, na ndiyo maana watu wengi, hata wahandisi wa fani nyingine, hudhani kazi yenyewe ni nyepesi: unamwaga maji ya chokaa juu ya moshi, basi.

Ugumu wote uko kwenye lile jiwe. Jasi haina adabu ya kungoja mahali ilipoandaliwa. Itaota ndani ya bomba, kwenye mdomo wa nozeli, juu ya kuta, katikati ya vibao vya kukamata matone, kwenye sakafu ya njia ya moshi. Ustadi wa watu wanaoosha moshi wa makaa ya mawe ni wa kuamua jiwe lizaliwe wapi, na kulikatalia kila mahali pengine, usiku na mchana, kwa miaka thelathini au arobaini ya uhai wa kituo. Sijui ufundi mwingine wa viwandani unaodai subira ya namna hiyo na kupata sifa kidogo namna hiyo.

Ufundi huu ulianzia London. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ilipotangazwa kwamba kituo kikubwa kingejengwa Battersea, kando ya mto Thames, wakazi walipinga. Walihofia bustani zao, majengo yao, hata picha za kuchorwa zilizotundikwa kwenye jumba la sanaa la Tate ng'ambo ya mto. Kampuni ikaahidi kuosha moshi wake kabla ya kuutoa, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya kwa ukubwa ule. Kituo kilianza kufua umeme mwaka 1933. Maji yalivutwa kutoka mtoni, yakaongezwa chaki, yakanyunyiziwa moshi, na sehemu kubwa mno ya salfa ikabaki majini. Kisha maji hayo yakarudishwa mtoni.

Hapo palikuwa na kasoro mbili. Uchafu ulihamishwa kutoka hewani kwenda mtoni, na moshi uliooshwa ulitoka umepoa, ukakosa nguvu ya kupanda, ukawa unashuka karibu na makazi ya watu. Hata hivyo siwezi kuwadharau wale watu wa Battersea. Walithubutu kujaribu wakati desturi ya dunia nzima ilikuwa kurefusha dohani ili moshi ukaangukie wengine.

Hatua iliyofuata ilitoka kwa wahandisi wa kampuni za ICI na Howden, waliotaka mfumo usiomwaga chochote mtoni. Katikati ya miaka ya 1930 mitambo yao ilifungwa Tir John huko Swansea, na Fulham mjini London. Tope la chokaa lilizungushwa tena na tena, na papo hapo wakakutana na adui ambaye ndiye huyohuyo wa leo. Kila mwenye kuchemsha maji ya kisima cha pwani anajua birika linavyojenga gamba jeupe ndani yake. Fikiria birika lenye urefu wa ghorofa kadhaa, lisilozimwa wiki hadi wiki, na gamba linaloota haraka kuliko mtu anavyoweza kulikwangua.

Dawa waliyoipata ni ya akili sana, na bado inatumika katika kila mnara wa kuoshea moshi wa aina hii duniani. Maji yanaweza kubeba jasi kupita kiasi chake cha kawaida kwa muda, yakiwa yanatafuta tu mahali pa kuitua. Yakikosa mahali, yanaitua ukutani. Kwa hiyo wakaacha makusudi mamilioni ya fuwele ndogo za jasi zielee ndani ya tope, maana fuwele huota kwa urahisi zaidi juu ya fuwele mwenzake kuliko juu ya chuma. Kisha wakajenga tangi kubwa chini, tope litulie humo kwa dakika kadhaa na kumaliza kutua mzigo wake kabla ya pampu kulirudisha juu. Fuwele za kupandia, na muda wa kungoja. Mitambo ya Fulham ilizimwa wakati wa Vita Kuu ya Pili kwa sababu wingu lake jeupe lingeweza kuwaelekeza marubani wa Ujerumani, lakini somo lake lilibaki kwenye maandishi.

Cha kusikitisha ni kwamba wengi hawakuyasoma, ingawa haja ya kuosha moshi ilizidi kuonekana. Desemba 1952 ukungu mchanganyiko na moshi wa makaa uliifunika London kwa siku tano, na hesabu za mwanzo zilisema watu kama 4,000 walikufa kwa sababu yake. Tafiti za baadaye zilipandisha idadi hiyo hadi kufikia 12,000. Marekani ilipopitisha Sheria ya Hewa Safi mwaka 1970 na vituo vikaanza kulazimika kuosha moshi, wahandisi walijikuta wakipambana upya na gamba lilelile. Kituo cha Will County, jimbo la Illinois, kilifunga mnara wake mwaka 1972, na miezi ya kwanza ikawa ya kuziba, kusimama, kusafisha na kuanza tena. Wenye vituo walitangaza kwamba teknolojia yenyewe haifai.

Waliookoa jambo hilo walikuwa watu wa kupima. Katika kituo cha Shawnee karibu na mji wa Paducah, Kentucky, shirika la umma la TVA na mamlaka ya mazingira ya Marekani waliweka minara ya majaribio pembeni ya boila halisi, inayokula moshi halisi. Kwa miaka ya 1970 yote walikuwa wakibadilisha jambo moja, wakisubiri, wakifungua mlango na kuingia kutazama gamba limeota wapi. Kisha wanabadilisha jambo jingine. Hakuna shujaa mmoja wa kumwandikia tenzi hapo. Kuna daftari za vipimo, na polepole kuna mnara unaokaa miezi bila kuziba.

Sasa tuuingie mnara wenyewe, kwa namna unavyojengwa siku hizi.

Moshi ukitoka kwenye boila hupitishwa kwanza katika mitambo inayonasa majivu kwa umeme, kwa sababu majivu mengi yakiingia kwenye tope huleta madini yanayozifunika chembe za chokaa zikashindwa kuyeyuka. Kisha unaingia mnarani ukiwa na joto la nyuzi 130 hivi, na kupoa hadi karibu nyuzi 50 mara unapogusana na tope. Juu yake kuna ngazi tatu, nne au tano za mabomba yenye nozeli. Moshi unapanda mita tatu au nne kila sekunde, matone yanashuka, na vinapishana kwa sekunde chache tu. Katika sekunde hizo zaidi ya asilimia 90 ya salfa inatakiwa iwe imehama kutoka kwenye gesi kuingia kwenye tone. Minara mizuri ya leo huzidi asilimia 95.

Ukubwa wa tone peke yake ni elimu. Likiwa dogo mno linabebwa na moshi kuelekea dohani. Likiwa kubwa mno linaanguka haraka, na uso wake ni mdogo kwa kulinganisha na uzito wake, kwa hiyo linakamata kidogo. Mafundi hulenga milimita mbili hadi tatu. Nozeli za kutoa tone hilo hutengenezwa kwa kauri ngumu ya silikoni kabaidi, maana tope la mawe hukwangua chuma, na tundu la nozeli likipanuka kidogo tu, matone yanakuwa mengine na hesabu yote inaharibika. Pampu zinazorusha tope hilo huvikwa mpira kwa ndani kwa sababu hiyohiyo.

Halafu kuna kiwango cha asidi, kile kipimo cha pH ambacho mwendeshaji wa zamu hakiachi machoni. Tope likiwa na chokaa nyingi, pH ikapanda, gesi inakamatwa vizuri. Lakini chokaa yenyewe inaacha kuyeyuka, unga wa jiwe unapotea bure na gamba laini linaanza kujenga. pH ikishuka, jiwe linayeyuka upesi na jasi inatengenezeka safi; lakini gesi inaanza kuponyoka. Mahali pa kusimama ni kati ya 5 na 6, na kila kituo kina nukta yake humo, kulingana na jiwe lake, makaa yake na maji yake. Makaa ya mgodi mmoja yakibadilika asubuhi, mnara unajua kabla ya ofisi ya manunuzi kujua.

Katika hili napenda sana mchango wa Gary Rochelle, mhandisi wa kemia wa Chuo Kikuu cha Texas. Alipendekeza kutia kwenye tope kiasi kidogo cha asidi ya adipiki, malighafi ya kutengenezea nailoni. Asidi dhaifu ya namna hiyo inalizuia tone lisichachuke ghafla linapokamata salfa, hivyo tone linaendelea kukamata hadi chini. Ilijaribiwa Shawnee, ikafanya kazi, na baadaye vituo vikatumia mabaki ya viwanda vya nailoni yenye asidi za jamii hiyo, kwa bei nafuu. Unatia asidi ili ukamate asidi, nani angelidhani?

Wajapani walileta jambo jingine kubwa. Salfa ikinaswa na chokaa huwa kwanza salfaiti, fuwele nyembamba bapa zinazoshika maji zisikauke kamwe. Vituo vingi vya Marekani vilikuwa vikimwaga uchafu huo kwenye mabwawa, tope la kijivu lisilobeba hata uzito wa mtu. Kibaya zaidi, salfaiti ikigeuka jasi nusunusu ndani ya mnara, ndipo gamba gumu kuliko yote linapoota. Japani, ambayo haikuwa na jasi ya asili ya kuitosha, ilikuwa na sababu ya kutaka jasi safi. Wakapuliza hewa kwenye tangi la chini, salfaiti yote ikamalizika kugeuka. Mnara ukatulia, na kilichotoka kikauzwa kwa viwanda vya saruji na vya mbao za dari. Shida ya uchafu na shida ya gamba ziliisha kwa upulizaji uleule. Ujerumani ilipoamrisha mwaka 1983 vituo vyake vikubwa vioshe moshi, baada ya misitu yake kuanza kunyauka, njia hii ndiyo iliyoenea, na kazi ya nchi nzima ikakamilika kwa sehemu kubwa ndani ya miaka michache tu.

Bado kuna matone madogo yanayotoroka juu. Yanawekewa vibao vilivyopindwapindwa. Moshi unajipinda kupita, tone linashindwa kujipinda, linagonga kibao na kuchuruzika. Ni kifaa kisicho na kitu kinachozunguka, ila ndicho kinachoua vituo vingi. Tope likikaukia juu ya kibao huwa jiwe, nafasi inabana, moshi unapita kwa kasi zaidi na kubeba matone zaidi. Kwa hiyo vibao huoshwa kwa maji masafi, fungu moja baada ya jingine, kwa ratiba isiyovunjwa. Fundi mzuri hutambua kibao kilichoanza kuziba kwa kuangalia tofauti ya mgandamizo chini na juu yake, siku nyingi kabla ya dalili nyingine kuonekana.

Klorini iliyomo kwenye makaa nayo hujikusanya kwenye maji yanayozunguka, na maji hayo hula chuma cha pua. Ndiyo maana ndani ya minara utakuta mpira, plastiki ya nyuzi za kioo, na aloi za nikeli zenye bei ya kutisha. Sehemu ya maji hutolewa kila mara na kusafishwa, kwa kuwa hubeba pia zebaki na seleni. Anayetoa maji hayo bila kuyasafisha amerudi Battersea ya 1933.

Mwisho kabisa ni jasi. Hapa mkemia huitazama fuwele kwa hadubini. Anataka fuwele nene, fupi, zinazofanana kwa ukubwa. Zikiwa kama sindano au vipande bapa, zitashika maji. Zile nene zikipita juu ya chujio la mkanda linalovuta maji kwa chini, zinatoka na unyevu usiozidi asilimia 10, zimesuuzwa klorini, na usafi unaozidi asilimia 95. Mbao za jasi (jipsam) zilizopigiliwa kwenye kuta na dari za nyumba nyingi za Ulaya, Japani na Marekani zimetoka kwenye moshi namna hii. Vituo vya umeme vya Marekani vilitoa karibu tani milioni 16 za dioksidi ya salfa mwaka 1990. Mwaka 2019 zilikuwa chini ya milioni moja. Makaa yenye salfa kidogo, gesi asilia na kufungwa kwa vituo vizee vilichangia, na minara ikabeba sehemu yake kubwa.

Mpita njia akitazama kituo kinachoosha moshi, huona wingu zito jeupe na kushtuka. Wingu hilo ni mvuke wa maji. Gesi mbaya ndiyo isiyoonekana. La kuogopesha ni moshi wenye rangi ya samawati, maana huo ni ukungu wa asidi ya salfuriki, wenye chembe ndogo kiasi kwamba zinapita katikati ya matone bila kunaswa. Mwaka 2001 ukungu wa namna hiyo ulishuka juu ya kijiji cha Cheshire, Ohio, kando ya kituo cha Gavin, ambacho kilikuwa tayari na minara ya kuosha moshi. Mtambo mpya wa kupunguza gesi nyingine ndio uliouzidisha. Mwaka uliofuata kampuni ilinunua karibu kijiji kizima kwa dola milioni 20. Mnara unakamata kile tu ulichojengewa, na stadi wa kweli anaijua mipaka ya mnara wake.

Barani Afrika ufundi huu umejaribiwa kwa ukubwa Kusile, mkoa wa Mpumalanga, Afrika Kusini. Ni kituo cha shirika la umeme la Eskom chenye mashine sita za megawati 800, cha kwanza cha shirika hilo kujengwa tangu mwanzo na minara ya chokaa. Mpumalanga ni nyumbani kwa kundi kubwa la vituo vya makaa ya mawe, na Machi 2022 Mahakama Kuu ya Pretoria ilitamka kwamba hewa chafu ya eneo hilo inavunja haki ya kikatiba ya wakazi wake. Kusile kilikuwa na maana kubwa kwa wanaokohoa pale.

Oktoba 2022 njia ya moshi ya mashine ya kwanza iliporomoka ndani ya dohani. Tope lilikuwa limejikusanya humo na kuganda hadi uzito wake ukaishinda njia. Mashine tatu zinazotumia dohani hiyo zikasimama, zaidi ya megawati 2,000, wakati nchi ilikuwa tayari katika mgawo mkali wa umeme. Ili zirudi kazini mapema zilijengwa dohani za muda zinazokwepa minara, na kwa kibali maalumu moshi ukatolewa bila kuoshwa kwa kipindi kirefu. Mashine hizo zilirejea mwishoni mwa mwaka 2023.

Nimelifikiria sana tukio hilo, na silioni kuwa hoja ya kuikataa minara. Kilichotokea ndicho wale wa Swansea na Fulham walichokihofia katika miaka ya 1930: jiwe lilizaliwa mahali pasipo pake, likaachwa likue. Mnara hauwezi kujiangalia. Unataka mtu wa kufungua mlango na kuingia na tochi wakati wa matengenezo, mtu wa kuamini kipimo kinapoanza kupanda taratibu, na mkubwa wa kumruhusu asimamishe mashine hata kama nchi ina njaa ya umeme. Fedha za kununua mnara hupatikana kwa mkopo mmoja. Watu hao hulelewa kwa miaka.

Kuna wanaosema kusafisha makaa ya mawe ni kuyapaka poda, kwa kuwa hewa ya ukaa inabaki palepale. Ni kweli inabaki. Chokaa yenyewe huongeza kidogo, kama kilo 14 kwa ile tani yetu ya mwanzo, juu ya zaidi ya tani mbili zinazotoka kwenye makaa. Mnara pia hula asilimia moja au mbili ya umeme wa kituo. Mimi ningependa makaa yaachwe ardhini. Lakini mtoto anayeishi chini ya dohani leo anavuta salfa leo, na hoja ya hali ya hewa ya mwaka 2050 haimponyi kifua.

Nchini Kenya, leseni ya kituo cha makaa ya mawe kilichopangwa kujengwa Lamu ilibatilishwa na Mahakama ya Mazingira Juni 2019. Tanzania inachimba makaa Ngaka, na mpango wa kufua megawati 600 Mchuchuma umekuwepo kwa miaka mingi. Endapo siku moja boila itawashwa huko, wanaoandika mkataba na waandike humo mnara wa chokaa tangu ukurasa wa kwanza, pamoja na chujio la jasi, mtambo wa kusafisha maji, na maabara yenye hadubini. Na wawapeleke vijana wetu wa kemia wakajifunze kazi hii kwenye vituo vinavyoifanya vizuri, miaka mitano kabla ya zege la dohani kumwagwa.